Duara la Mita Mia Tisa

Mzee Kajiru alikuwa ameketi kando ya maiti ya mkewe, goti lake likigusa ukingo wa kitanda, lakini ramani ilisema yuko ng'ambo ya bonde, katikati ya shamba la tangawizi la Mbonea.

Togolani, kijana wa jirani, aliitazama ramani, akamtazama mzee, akairudia ramani. Alijipangusa macho kama mtu aliyeingiwa na moshi, ijapokuwa nyumba ile haikuwa na moshi hata wa kumtoa nzi. Na hilo ndilo lililokuwa likitisha: msiba usio na moshi. Uani hapakuwa na turubai. Jikoni hapakuwa na sufuria la makande, wala kinamama wa kugombea mwiko. Bibi Naghenjwa alikata roho alfajiri, sasa jua limekaa utosini, na kijiji kizima cha Vunguru, watu ambao babu zao walipanda milima hii kwa magoti kwenda kuzika, kilikuwa kimejifungia ndani kana kwamba hakikusikia kitu.

"Bonyeza tena, baba," Togolani alisema.

"Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Simu nimeitengeneza mimi?"

"Mara moja tu."

Mzee Kajiru aliitoa simu kwenye mfuko wa koti, akaweka kidole gumba juu ya kioo. Simu ikasikiliza mapigo ya damu yake, ikaridhika kuwa ni yeye na si mwingine, ikamfungulia ukurasa wa kijani wenye neno moja tu: NIPO. Akabonyeza. Ikalia kidogo. Na kabla mlio haujaisha, mzee alikwisha kuizima na kuirudisha mfukoni, upesi upesi, kama mtu anayeficha kiko mbele ya mchungaji.

Kwenye simu ya Togolani nukta nyekundu ikaanguka palepale: shambani kwa Mbonea.

"Vizuri," mzee akasema. "Mimi niko kwa Mbonea, napalilia. Sasa huyu aliyekaa na mke wangu ni nani? Umwambie atoke, nina wivu."

Hakucheka. Togolani naye hakucheka. Nipo ilikuwa kazi ya mikono yake, na kwa miaka minne hakuwahi kusikia mtu yeyote akiambiwa na Nipo kwamba hayupo mahali alipokaa.

Tazama jinsi mambo yalivyokuwa. Wangeweza watu kusema kuwa walimwona Kajiru makaburini, na waliomwona walikuwa wengi. Lakini jicho lilikwisha kuvuliwa ushahidi. Katika Miaka ya Sura Bandia, kila mtu alionekana akifanya kila kitu. Mchungaji alionekana akiiba mbuzi. Marehemu alisikika akibadilisha wosia. Mke alipigiwa simu na mumewe, kwa sauti ya mumewe, na mume alikuwa amelala pembeni yake akikoroma. Mashine zilichonga sura na sauti mpaka ukweli ukakosa pa kusimama. Ndipo mabaraza yakakubaliana: picha isipokelewe, sauti isipokelewe, na mtu aliyeapa kwa macho yake asipokelewe, maana naye huenda aliona kilichochongwa. Kipokelewe kitu kimoja tu, nukta, mahali simu iliposimama, simu ifungukayo kwa damu ya mwenyewe. Watu wakazoea kubonyeza kila waendako, wapate cha kujitetea. Mlimani huku nukta ilipewa kazi ya kwanza kwenye jambo ambalo watu walilijali kuliko mashamba: kuzikana. Juu ya mlango wa baraza la Vunguru palichorwa kwa rangi ya mafuta: ASIYEZIKA HAZIKWI.

Na Nipo ilisema nyumba ya Kajiru haikuzika. Misiba mitatu mfululizo, nukta ya mzee ilikuwa ng'ambo ya bonde. Saa kumi jioni lori la halmashauri lingepanda kutoka tambarare kumchukua Bibi Naghenjwa. Huko chini, katapila lingemchimbia shimo katika safu ya watu asiowajua, wala wao hawamjui, mbali na migomba ya ukoo aliyoipalilia tangu alipoletwa akiwa mwali.

"Baba," Togolani aliuliza, "ukifika kwenye mazishi, unafanyaje na simu?"

"Nafanyaje? Nafika, nabonyeza, nazima, navua koti, nashuka shimoni."

"Unazima mara moja?"

Mzee alimtazama kama anayetazama mtoto aliyetukana mezani. "Wewe ulitaka nichimbe kaburi la mtu huku kioo kinamulika? Simu mbele ya maiti ni matusi. Mama yako hakukufundisha?"

Alimfundisha. Vunguru yote ilifundishwa hivyo, ingawa siku hizi wachache tu ndio wanaofuata: unapofika msibani unaizima simu na kuitia mfukoni, ukitaka watu wakuhesabu kuwa na adabu. Togolani alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Twende nje."

*

Nje juu yao ndege za mizigo zilikuwa zikivuma, zimening'iniza magunia ya tangawizi kuelekea stesheni. Togolani alimsimamisha mzee katikati ya ua.

"Bonyeza. Lakini usizime. Ishike hivyo hivyo, kioo kikiwaka."

Nukta ikaanguka shambani kwa Mbonea. Ikakaa. Togolani akaanza kukata tamaa. Kisha nukta ikatikisika, ikaruka bonde, ikatua kwenye mti wa kanisa. Ikakaa. Ikaruka tena, ikaingia migombani. Ikasogea kidogo kidogo, ikarudi nyuma, ikasogea, kama kuku anayetafuta mlango wa banda, mpaka ikafika uani na kusimama juu ya miguu ya Mzee Kajiru.

"Tangu lini ikajua kutembea?" mzee alinong'ona.

"Tangu mwanzo, baba. Hukuwahi kuisubiri."

Akamweleza, akijieleza na yeye mwenyewe. Simu haijui iliko. Ikiulizwa, huuliza wengine. Kwanza huuliza mnara, na mnara hujibu haraka kama mlevi kilabuni: huyo yuko hukuhuku kwetu, na kwa mnara wa upande huu 'kwetu' ni shambani kwa Mbonea. Halafu huuliza setilaiti, na setilaiti ziko mbali, hujibu polepole. Na hapa Vunguru nusu ya mbingu imezibwa na jabali, sauti za setilaiti hugonga mwamba na kurudi zimechelewa, zikasema uongo bila kukusudia. Basi simu huzisikiliza nyingi, moja baada ya moja, ikilinganisha, mpaka iwe na hakika. Inataka subira. Na kila jibu, la kwanza hata la mwisho, huja na namba ya pili nyuma yake: huenda nimekosea kwa mita kadhaa. Namba hiyo ukiichora, ni duara. Mtu yumo humo ndani, popote.

Nipo ya kwanza kabisa ilikuwa na duara. Togolani aliikumbuka siku aliyoipeleka barazani, naye Mama Nakiete, mwenyekiti, akaishika simu kwa ncha za vidole. "Mwanangu," alisema, "sisi tumekuomba punje, wewe unatuletea sinia zima." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na wengine wakalalamika kwamba inachelewa, kwamba wanasimama kwenye mvua wakisubiri duara lijikunje. Togolani alikuwa kijana, na kijana kuchekwa ni kuchomwa. Akaenda nyumbani akalifuta duara, akabakiza kitovu chake. Akaiamuru Nipo ipeleke barazani jibu la kwanza linalopatikana, halafu ilisahihishe baadaye, mtu akiendelea kuitazama. Watu wakafurahi. Nukta ilikuwa ndogo, nyekundu, yenye uhakika wa mwiba.

Lakini Nipo haikuwa programu iliyowekwa ndani ya simu. Ilikuwa ukurasa wa mtandao tu, ili hata simu kuukuu iweze kuufungua. Na ukurasa, kioo kikizimwa, hulala. Ukilala hauulizi kitu tena. Jibu la mlevi linabaki kuwa ushahidi.

"Kwa hiyo," mzee alisema taratibu, "wanaozima simu kwa heshima..."

"Ndio wasioonekana."

"Na wanaosimama pembeni ya kaburi wakichezea simu..."

"Wanaonekana mpaka kiatu."

Mzee Kajiru alicheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kukisikia. "Naghenjwa!" aliita kuelekea nyumbani. "Umesikia? Tungekuwa watovu wa adabu, tungezikwa!"

*

Togolani alitoka mbio. Kosa limejulikana, na kosa likijulikana linarekebishwa: atamwambia Mama Nakiete, lori litarudishwa, baragumu litapigwa, watu watakuja na majembe. Alifika njia panda, penye jengo jeusi lisilo na paa, miguu ikaacha kukimbia yenyewe.

Lilikuwa ghala la tangawizi la ushirika. Lilikuwa. Kiangazi kilichopita liliungua pamoja na mlinzi wake, Kadeghe, mdogo wake Mbonea. Ilitokea picha, kama zinavyotokea siku zote, ikimwonyesha Zefania akiingia nyuma ya ghala na galoni mkononi. Zefania, kaka yake Togolani, wa tumbo moja. Siku mbili kabla ya moto Zefania alikuwa amegombana na Kadeghe juu ya mizani, mbele ya watu, akamwambia neno asilopaswa kumwambia mtu. Watu walikuja nyumbani na mapanga. Na Togolani ndiye aliyesimama mlangoni akiwa na simu juu ya kichwa, akapiga kelele: "Nukta! Itazameni nukta!" Nukta ilisema Zefania alikuwa mtoni, mbali na ghala. Picha ni uongo, nukta ni kweli. Mapanga yakashuka. Mbonea alikuwa wa mwisho kushusha la kwake.

Togolani aliketi juu ya jiwe, akaingia kwenye seva, akaitafuta nukta ile. Hakuwahi kuitazama namba yake ya pili. Kwa nini aitazame? Nukta ilikuwa imesema aliyotaka kuyasikia.

Mita mia tisa.

Kutoka mtoni mpaka ghalani ni mita mia sita. Alichora duara kwa kidole, taratibu, akitumaini kidole kimekosea. Duara likameza mto, likameza ghala, likameza kanisa na nusu ya kijiji, likammeza na yeye alipokuwa siku ile, jikoni kwake, akichemsha chai.

Akajaribu kufikiri, mawazo yakamchanganyikia kama nyuzi alizochezea paka. Duara halikusema kaka yake alikuwa ghalani. Halikusema hakuwa ghalani. Akinyamaza, Bibi Naghenjwa anapanda lori. Akisema, nukta zote zinakufa siku moja, na ile ya kaka yake ndiyo ya kwanza, na mapanga yako wapi? Yako nyuma ya milango, yalipowekwa. Na juu ya hayo kulikuwa na swali dogo, chafu, lililojipenyeza kama chawa kwenye mshono: hivi kweli Zefa alikuwa wapi?

*

Zefania alikuwa kwenye mabirika ya kuoshea tangawizi, suruali imekunjwa, mikono mpaka kwenye viwiko imeingia majini. Harufu kali ya tangawizi ilijaa pale mpaka machozi yakamtoka Togolani, akashukuru kuwa ana kisingizio.

"Umefiwa na wewe?" Zefania aliuliza bila kuinua kichwa. "Au ile simu yako imezaa?"

Togolani akamwambia yote. Jibu la mlevi, kioo kilicholala, Mzee Kajiru aliyepalilia kwa Mbonea akiwa amekaa na maiti. Halafu mita mia tisa. Zefania aliendelea kusugua tangawizi ileile moja mpaka ikabaki nyeupe kama jino.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi."

"Basi nini, kaka?"

"Basi hujamwambia mtu. Unauliza nini tena?"

Maji yalikuwa yakimwagika kwenye birika la pili. Togolani alijisikia akisema, "Ulikuwa wapi siku ile?"

Zefania akainua kichwa sasa. Walikuwa wanafanana, hawa ndugu, wembamba wote wawili, vipaji vya uso vimetoka mbele kama mapaa ya nyumba. Lakini Zefania alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo Togolani hakuirithi.

"Si uliwaambia wewe mwenyewe nilikuwa wapi? Ulisimama mlangoni ukapiga kelele kama jogoo. Mimi nilikuwa ndani nakusikiliza, nasema, mdogo wangu huyu, ananiamini kiasi gani!" Akaitupa tangawizi kwenye tenga. "Kumbe hukuwa unaniamini mimi. Ulikuwa unaiamini simu."

"Nijibu tu, Zefa."

"Nikikujibu utapimia wapi? Nikisema nilikuwa mtoni, utaamini kwa mizani ipi? Nikisema sikuwepo mtoni, utafanya nini, utaniuza?" Akatingisha kichwa. "Hukuniuliza siku ile tulipokuwa wawili ndani ya nyumba. Leo simu imekuangusha, ndipo unakuja kwangu. Mimi ni mtu wa akiba?"

"Ukiniambia ninyamaze, nitanyamaza."

"Ala! Ili mama wa watu akatupwe huko chini kama gunia, halafu useme ni Zefania aliyetaka?" Aliingiza tena mikono majini. "Usinitwishe, bwana mdogo. Mzigo wako, kichwa chako."

Togolani alisubiri. Alisubiri neno moja lingine, lolote, la kumwonyesha njia. Zefania akachukua tangawizi nyingine.

*

Lori lilifika kabla ya saa kumi. Nalo lilipofika, watu wa Vunguru wakatoka majumbani, maana kutokuzika ni amri lakini kuchungulia hakujakatazwa. Walijipanga nje ya uzio wa michongoma, vitenge vimefunga midomo, mikono haina jembe. Mama Nakiete alisimama langoni na fimbo yake ya uenyekiti, uso umefungwa kama duka la siku ya kodi. Mbonea alikuwa karibu naye, mtu mnene wa shingo fupi, simu mkononi, kioo kinawaka kama kawaida yake.

"Mama Mwenyekiti," Togolani alisema, akihema, "mzee huyu alizika. Misiba yote mitatu."

"Nukta inasema hakuzika."

"Nukta imekosea."

Dereva wa lori, kijana wa tambarare aliyevaa kofia ya sufu kwa kuogopa baridi ya mlimani, alizima injini ili asikie vizuri.

Mbonea ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Nukta haikosei, Togolani. Mimi ndiye ninayejua. Mimi niliimeza nukta ya kaka yako ikiwa na miiba yake yote. Nilimzika Kadeghe, vipande, kwenye sanduku la mtoto, halafu nikaimeza. Na Kajiru naye aimeze ya kwake."

Mkono wa Togolani ulikuwa umekwisha kufungua ukurasa wa ndani wa Nipo, ule anaouona yeye peke yake. Mstari mmoja tu wa maagizo, ule wa duara, ulikuwa umefichwa. Akaufichua.

Simu zikalia mifukoni mwa watu, moja baada ya nyingine, kama vyura mvua inapokaribia.

"Yesu wangu," mwanamke mmoja alisema akitazama kioo, "mbona nimenenepa hivi?"

"Duara langu limeingia chumbani kwa shemeji!" mwingine akasema, na kicheko kikapasuka uzioni, kisha kikafa chenyewe watu walipoanza kuelewa wanachokitazama. Nukta zao zote, za mazishi, za mipaka, za kesi, zilikuwa zimefutuka kama maandazi. Nyingine zilikuwa na upana wa sahani. Nyingine zilifunika kijiji.

"Hivi ndivyo zilivyokuwa siku zote," Togolani alisema. "Mimi ndiye niliyewaonyesha kitovu tu. Mtu yumo ndani ya duara. Wapi ndani yake, simu haijui."

Mama Nakiete alikuwa ameitoa miwani yake. "Kesi ya mpaka wa kina Mrindoko?"

"Sijui, mama."

"Yule binti tuliyemfukuza kwa wizi wa mbegu?"

"Sijui."

"Sijui ni neno gani hilo?" Sauti yake ilipanda ikavunjika. "Wewe ndiye unayejua! Sisi tulihukumu kwa sababu wewe unajua!"

"Ndilo nililonalo, mama."

Mbonea hakuwa ametazama simu yake. Alikuwa akimtazama Togolani, na swali lake lilipokuja lilikuja polepole, kwa hatua za mtu anayepita juu ya gogo.

"Siku ya ghala. Duara lilikuwa mita ngapi?"

Hapa angeweza kusema uongo. Namba ilikuwa kwake, na mstari mmoja zaidi ungetosha kuibadilisha. Alimwona Zefania akija barabarani nyuma ya watu, suruali bado imekunjwa, sururu begani.

"Mita mia tisa."

"Ghala limo ndani?"

"Limo."

"Na yeye?"

"Yumo. Na nyumba yako imo, Mbonea. Na mimi nimo. Halisemi alikuwapo. Linasema halijui."

"Sikukuuliza habari zangu." Mbonea alipumua kwa kinywa. "Mwaka mzima nimemwitikia salamu huyu. Kila asubuhi. Kwa sababu yako."

Watu walikuwa wameshamwona Zefania, na uzio ukapasuka kumpisha, kama maji yanavyompisha nyoka. Mtu mmoja akasema "mshikeni", lakini kwa sauti ya kuuliza, maana washike kwa lipi? Picha hawaipokei. Nukta imekufa mikononi mwao sasa hivi. Walitazamana, na kila mmoja akaona kwa mwenzake sura ya mtu aliyeamshwa ugenini.

Dereva alichungulia dirishani. "Samahani wazee. Nabeba au sibebi?"

"Baraza," Mama Nakiete alisema mwisho, "leo halina la kusema. Atakaye kuzika azike. Asiyetaka aende kwake."

"Wapare, bwana," dereva akanung'unika, akikunja mikono juu ya usukani. "Hata maiti mnaifungulia kesi."

Zefania alipita langoni bila kumtazama mdogo wake, akaelekea migombani. Mbonea akamzibia njia kwa kifua.

"Hutachimba kaburi la mtu na mikono hiyo."

"Mikono ipi?"

"Unaijua."

Hapo ndipo Mzee Kajiru alipotoka ndani. Alikuwa amevua koti. Alisimama kizingitini, mwembamba, shati limechanika kwapani, na akasema bila kupaza sauti: "Mke ni wangu. Shimo ni langu kusema. Tangu asubuhi nimesubiri mtu wa kuja na jembe, amekuja mmoja. Mwacheni achimbe."

"Mzee, huyu..."

"Mimi juzi nilikuwa mtu asiyezika. Leo asubuhi nilikuwa shambani kwako. Usinieleze mtu ni nani, Mbonea. Nimechoka."

Zefania aliuzunguka mwili wa Mbonea kama mtu anavyozunguka nguzo, akaenda kwenye migomba. Mzee akamwonyesha mahali kwa kidole cha mguu. Sururu ikapiga mara ya kwanza. Udongo wa Vunguru ni mwekundu na mgumu juu, na sauti ile ilisikika mpaka barabarani. Watu wawili watatu walianza kuondoka. Wengine walibaki, hawaondoki wala hawaingii, wameshika simu zao kama watu walioshikishwa watoto wasio wao.

Mbonea aliitazama simu yake mara moja. Akaizima. Akaitia mfukoni, akavua koti, akalichukua beleshi lililoegemezwa ukutani.

"Unakwenda wapi?" Togolani aliuliza.

"Shimo linataka watu wawili. Na mimi nataka kuwa karibu naye. Karibu kabisa."

*

Walichimba bila kusemezana mpaka shimo likawafika magotini, kisha viunoni. Kazi ya kaburi haina nafasi ya kukwepana. Mmoja akivunja, mwingine anazoa, na migongo inagusana. Togolani alisimama ukingoni akivuta udongo kwa mikono, kwa kuwa hakukuwa na jembe la tatu, na kwa kuwa hakuweza kwenda mahali pengine popote. Nyuma yake alisikia mwanamke akiuliza kuni ziko wapi, lakini hakugeuka.

Shimo lilipofika kifuani, Mbonea aliacha kuzoa.

"Ulikuwa wapi?"

Zefania alikuwa akihema. Jasho lilimtiririka likachora michirizi kwenye vumbi la uso. Togolani alitegemea anyamaze, kama alivyonyamaza kwenye mabirika. Lakini Mbonea alikuwa ameuliza kwa sauti ambayo Togolani hakuwahi kuitumia maishani mwake, sauti ya mtu asiyekuwa na kitu kingine cha kutazama zaidi ya aliye mbele yake.

"Mtoni. Nanywesha mbuzi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Rudia."

Zefania alimtazama. Walikuwa karibu kiasi kwamba pumzi ya mmoja ilitikisa kola ya mwingine. "Nilikuwa mtoni nanywesha mbuzi. Nilisikia harufu ya moshi, nikadhani mtu anachoma kichaka. Sikupanda."

"Mara ya kwanza hukusema moshi."

"Hukuniuliza moshi."

"Kwa nini hukupanda?"

Togolani aliinama mpaka udongo wa ukingo ukamomonyoka chini ya mikono yake na kumwagika mabegani mwa wote wawili, wala hawakujipangusa. Aliutazama uso wa kaka yake kutoka juu, akatafuta humo. Kulikuwa na hofu, au uchovu. Kulikuwa na hatia, au huzuni tu ya mtu aliyesikia harufu ya moshi na hakupanda. Aliona uso aliouona kila siku tangu azaliwe, na hakujua unasema nini.

"Kwa sababu nilikuwa na hasira naye," Zefania alisema. "Nikasema, kama ni kwake, na paungue. Sikujua kama yumo ndani."

Mbonea alichukua sururu kutoka mkononi mwa Zefania, taratibu, na Zefania akaiachia. Akaiinua juu ya kichwa.

Sururu ikashuka, ikauma udongo kati ya miguu yao.

"Tena," Mbonea alisema. "Anza asubuhi ya siku ile. Anza ulipoamka."